Pezi la Tatu

Boksi lilifika kwa posta mwezi wa Desemba,
wakati ambapo huku Karelia jua huchungulia saa nne
na saa nane limeshachoka.
Ilpo alilipasua kwa meno ya funguo.
Bomba la karatasi ngumu, refu kama mtoto wa miaka mitatu,
pua ya plastiki, pete za mbao, mwavuli wa nailoni
rangi ya karoti,
na mapezi matatu yaliyokatwa kwa mwale,
kingo zake bado zikinuka moshi.

Miaka arobaini na moja vidole vile
vilirudishia pumzi saa za watu.
Siku hizi kikombe cha kahawa
humwaga nusu yake njiani kabla hakijafika mdomoni.
Nilingoja aombe msaada.
Hakuomba. Alisukuma msasa upande wangu wa meza
kama mtu anayesukuma kete,
zamu yako.

Basi nikajifunza.
Kwamba gundi ya sehemu mbili, ukishaichanganya, haina subira.
Kwamba bomba hupimwa kwa ukanda wa karatasi
uliogawanywa mara tatu sawasawa,
na penseli ichongwe kwanza.
Pezi la kwanza nililipima mara tatu.
La pili mara tatu.
La tatu akasema, "Hilo niachie."

Alilishika nusu saa nzima,
redio ikitangaza theluji, kisha theluji zaidi.
Mkono haukuacha kutetemeka.
Ulitetemeka ndani ya gundi,
na gundi ikaganda na mtetemo wake.
Limekwenda upande, unene wa ukucha.
Nikanyoosha kidole nilirekebishe.
Akanitazama.
Nikakirudisha kidole mfukoni.

Machi, juu ya ziwa.
Barafu unene wa dhiraa, baridi tisa chini ya sifuri,
wenzetu na masanduku yao juu ya sleji.
Tarmo, daktari wa meno siku za kazi,
mkaguzi wa roketi siku ya Jumamosi,
aliifunga kamba kiunoni, akaizungusha juu ya kichwa chake.
Haikuyumba. Kisha akafumba jicho moja,
akaliona pezi.
"Itazunguka hii."
"Izunguke," Ilpo akasema.

Injini nilitia mimi, nene kama gunzi la hindi,
na kiwashio, waya mwembamba wenye kichwa cha kiberiti,
mpaka kikagota mwisho.
Kitufe alibonyeza yeye.
Kitufe hakiulizi kama mkono umetulia.

Kwanza mwanga.
Halafu reli tupu.
Halafu sauti, imechelewa kama mgeni wa harusi,
ikatupiga kifuani.
Mistari yangu myeusi na myeupe,
niliyoipaka jioni nne,
ikachanganyika ikawa kijivu kitupu:
ilikuwa inajisokota, keekee inayotoboa ubao,
juu, juu,
na upepo uliokuwa ukizipinda za wenzetu
haukupata pa kuishika.
Mtu mmoja nyuma yetu alipiga mluzi.
Ilpo hakusema kitu. Mdomo wake ulikuwa wazi,
nikaona meno ambayo sijayaona tangu vuli.

Sekunde saba, lilisema boksi.
Saba. Nane. Nikashika koti lake.
Tisa,
na karoti ikachanua,
ndogo, mbali, ikielekea ng'ambo ya visiwa.

Nilimsukuma kwa kiti cha kutelezea karibu kilomita mbili,
blanketi magotini, akielekeza kwa kidevu.
Tuliikuta imelala ubavu, kamba zimejifunga,
na pezi moja limeng'oka.
Nililijua kabla sijainama.
Si lake.

Akavua glavu. Akapitisha kidole gumba
pale lilipovunjikia, polepole,
kama zamani alivyopekua matumbo ya saa.
"Hili," akasema,
"uliibania gundi."

Nikageuza kiti tukaanza kurudi.
Alilishika pezi langu njia nzima,
likitetemeka.